Kuokota Majibu

Mwaka jana, kuanzia mwezi wa sita, mpwa wangu alikuwa akija kwangu kila jioni baada ya magharibi, daftari mkononi, tufanye mazoezi ya ufahamu wa Kiingereza. Alikuwa kidato cha nne na mtihani wa taifa ulikuwa Novemba. Mama yake, dada yangu mkubwa, anauza vitumbua asubuhi na mihogo ya kukaanga jioni hapa Ngamiani, Tanga, na hela ya tuisheni ya Hisabati ilikuwa imeshameza kila kilichobaki. "Wewe si ulipata B ya Kiingereza?" aliniambia. "Basi mfundishe mwanao."

Ni kweli nilipata B. Cheti ninacho, kimo kwenye bahasha ya nailoni pamoja na cheti cha kuzaliwa. Ndicho kilichonipa ukarani katika ofisi ya uwakala wa forodha, kazi ninayoifanya mpaka leo. Sikuwa na sababu ya kukataa. Nilimfundisha kama nilivyofundishwa mimi, na alama zake zikapanda. Ninaandika haya kwa sababu kupanda kule kulininyima usingizi.

Mbinu yenyewe ni rahisi. Usianze na habari, anza na maswali. Chukua swali la kwanza, tafuta ndani yake neno lenye uzito: jina au kitendo. Shuka na kidole kwenye habari mpaka ulikute neno hilo. Sentensi ulipolikuta ndiyo jibu. Swali likianza na "why", tafuta "because" iliyo karibu. Likianza na "where", tafuta jina la mahali. Nakili, weka nukta, nenda swali la pili. Sisi shuleni tulikuwa tukiita kuokota. Mtu alikuwa akitoka kwenye chumba cha mtihani akiulizwa ilikuwaje, anajibu, "Ufahamu nimeokota yote."

Msomaji akitaka kuona mbinu inavyofanya kazi, ajaribu habari hii niliyoitunga mwenyewe:

Mgwaluzi mmoja alizwamba ndilimo yake kando ya jalufe, kwa sababu ndilimo hiyo ilikuwa imeguluta.

Sasa jibu. Nani alizwamba ndilimo? Aliizwamba wapi? Kwa nini aliizwamba?

Umepata tatu kwa tatu. Hakuna msahihishaji anayeweza kukunyima hata nusu alama. Na hujui kama mgwaluzi ni mtu au mdudu.

Kwa mtoto wa Kitanzania aliyesoma shule ya msingi ya kawaida, huu si mchezo wa maneno. Amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Anaingia kidato cha kwanza, na ghafla Historia, Jiografia na Baiolojia vyote vinazungumza Kiingereza. Tangu siku hiyo karibu kila swali la kila somo, isipokuwa la Kiswahili, ni swali la ufahamu kwanza, na la somo lenyewe baadaye. Mtoto anaweza kuwa anajua vizuri jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, akakosa alama kwa sababu hakujua anaulizwa nini. Hapo ndipo kuokota kunapozaliwa. Ni jibu la mtu mwenye akili aliyefungiwa mlango.

Mpwa wangu ana akili. Ndani ya wiki sita alikuwa akiokota kuliko nilivyokuwa nikiokota mimi. Nilikuwa nikimpa habari yenye maswali matano, anaikamilisha kabla chai haijapoa. Nne, tano, nne, tano. Dada yangu akipita kunisalimu ananiambia, "Mungu akuzidishie." Nami nikawa najisikia mwalimu.

Mpaka jioni moja ya mwezi wa nane. Habari niliitoa kwenye kitabu cha zamani cha mazoezi kisicho na jalada. Mtu mmoja anasafiri kwa basi kutoka kijijini, amebeba kikapu cha machungwa, anakwenda kumtazama mdogo wake hospitali. Anafika wodini. Kitanda kimetandikwa, shuka safi. Muuguzi anamtazama, kisha anatazama chini. Yule mtu anaweka kikapu sakafuni, anakaa pembeni yake, hasemi kitu. Habari imeishia hapo. Maswali yalikuwa manne: alisafiri kwa nini, alibeba nini, kitanda kilikuwaje, kikapu alikiweka wapi.

Mpwa wangu alipata nne kwa nne. Sijui kwa nini siku ile nilimuuliza swali la tano, la kwangu, kwa Kiswahili. "Haya, ikawaje?"

"Mdogo wake alikuwa ameruhusiwa, Mjomba. Amerudi nyumbani. Wamepishana njiani."

"Amekufa," nikamwambia.

Alirudi kwenye karatasi. Kidole kilishuka mstari kwa mstari, kikapanda, kikashuka tena. Kisha akaniuliza, bila ubishi, kama mtu anayetaka kusahihishwa: "Wapi wameandika amekufa?"

Hawakuandika popote. Neno lenyewe halikuwamo. Kifo kilikuwa kwenye shuka safi na kwenye macho ya muuguzi, na hivyo ndivyo vitu ambavyo kidole hakivioni. Nikamuuliza kama aliisoma habari yote tangu mwanzo. "Nimesoma maswali," akasema. Halafu akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo yale machungwa..." Hakumaliza. Nilimwona jambo lile likimwingia, na niliona pia kwamba alikuwa ameshapata alama zake zote kabla halijamwingia.

Lugha yetu ina neno moja linalonisumbua tangu siku ile. Zoezi la kusoma na kujibu maswali tunaliita ufahamu. Mtu akizimia tunasema amepoteza fahamu. Mzizi ni ule ule. Mimi nilikuwa nimemfundisha mtoto kufaulu ufahamu akiwa hana fahamu ya kile anachokisoma.

Baadaye niligundua kwamba wanafalsafa wamelizungumza jambo hili, tena kwa mfano ulio karibu mno na meza yangu. Miaka ya 1970 mtaalamu wa Marekani, Roger Schank, na wenzake walitengeneza programu za kompyuta zilizoweza kusomewa hadithi fupi na kujibu maswali. Mtu ameingia mgahawani, ameagiza hambaga, imeletwa imeungua, ameondoka kwa hasira bila kulipa. Swali: je, aliila? Jibu halikuandikwa kwenye hadithi, lakini kompyuta ilitarajiwa kusema hakuila. Wapo waliosema kompyuta kama hiyo imeelewa. Mwaka 1980 mwanafalsafa John Searle akawajibu kwa mfano uliopata jina la Chumba cha Kichina. Tuseme, alisema, mimi nimefungiwa chumbani. Sijui Kichina hata kidogo. Kupitia tundu napewa hadithi na maswali kwa maandishi ya Kichina, pamoja na kitabu cha kanuni kwa Kiingereza kinachoniambia: ukiona alama ya umbo hili, toa alama ya umbo lile. Nikizizoea kanuni, walio nje watasoma majibu yangu na kusema ndani kuna mtu anayejua Kichina. Nami sijaelewa hata neno moja.

Mabishano juu ya chumba hicho hayajaisha mpaka leo, na sina elimu ya kuyaamua. Lakini nilipokisoma kisa hicho, kitu kimoja kilinigusa ambacho kwa Searle hakikuwa tatizo kabisa. Yule mtu wa chumbani anajua kwamba hajui Kichina. Anatoa majibu sahihi, anasifiwa huko nje, lakini moyoni ana uhakika: sijaelewa. Mfano wote umesimama juu ya uhakika huo. Mpwa wangu hakuwa nao. Aliponipa daftari lake jioni ile hakuwa akinidanganya. Aliamini kabisa kwamba amefanya ufahamu. Kukaa chumbani sana kulikuwa kumemsahaulisha kwamba yumo chumbani.

Mtu anaweza kusema hili ni kosa la mfumo, si la mjomba wala la mpwa. Nakubali sehemu kubwa. Mwaka 1982 tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza sekondari zianze kufundishwa kwa Kiswahili kuanzia 1985. Pendekezo halikutekelezwa, Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa akikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi wetu, wakakuta kwamba hata wa kidato cha nne ni kama mmoja tu kati ya kumi aliyefikia kiwango ambacho kwa kawaida mtu ndipo angeanza kufundishwa kwa lugha hiyo. Soma tena: angeanza. Hao walikuwa wanamaliza. Hata hivyo ushauri wao ulikuwa Kiingereza kiendelee, kiongezewe nguvu. Mimi nilikuwa bado sijaanza shule. Leo mpwa wangu amemaliza. Kinachofanana kati yetu ni kidole kinachoshuka kwenye karatasi.

Kwa hiyo swali langu halikuwa kama mfumo una kasoro. Lilikuwa hili: katika mfumo wenye kasoro, je, ni halali kumfundisha mtoto kuokota?

Kwanza nilijitetea. Mtihani ni geti. Nyuma ya geti kuna kidato cha tano, kuna chuo cha ualimu, kuna uuguzi. Mbele yake kuna karai la mihogo. Watoto wenye wazazi wenye uwezo wamesoma Kiingereza tangu chekechea, hawahitaji kuokota. Nikimnyima mpwa wangu mbinu hii kwa jina la ukweli, ninachofanya ni kumtoza ukweli yule asiye na kitu, na kuwaacha walio nacho wapite bure. Kuna watu wanapenda sana kuwahubiria maskini uaminifu. Sikutaka kuwa mmoja wao.

Tena, nilijiambia, anadanganywa nani? Msahihishaji anajua. Kila mwaka Baraza la Mitihani linatoa uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, na walimu wanaousoma hawashangai wakiambiwa kuna wanaonakili sentensi za habari kama zilivyo. Jambo ambalo kila mtu analijua linakuwaje uongo? Huku kwetu pwani ukimkuta mtu anakula, atakwambia karibu, nawe utasema ahsante, nimeshiba, hata kama tangu asubuhi hujatia kitu mdomoni. Hakuna aliyedanganywa. Ni adabu. Labda na ufahamu wa Kiingereza ni adabu ya namna hiyo: serikali inasema karibu, sisi tunasema tumeshiba.

Nilikaa na hoja hiyo siku mbili tatu, ikinipendeza. Kisha nikaona ilipotoboka. Ukisema umeshiba mlangoni kwa jirani, hakuna anayekupa cheti cha kushiba. Na huendi nacho mahali pengine ukaambiwa, maadamu wewe umeshiba, basi mgao wako apewe mwingine.

Nikajaribu tena kwa njia nyingine. Nilipokuwa mdogo nilisoma chuoni, kama watoto wengi wa Tanga. Nilihitimu kusoma Kiarabu cha msahafu bila kujua maana ya aya ninazozisoma, na sijawahi kuona aibu kwa hilo. Kusoma bila kuelewa si dhambi. Mbona basi hili la shuleni linanichoma? Nadhani ni kwa sababu maalimu wetu hakuwahi kuuliza, "Umeelewa?" Aliuliza kama matamshi yako ni sahihi, na hicho ndicho tulichojibu. Maana ilikuwa na mahali pake, darsani, baadaye, kwa wakubwa. Kila mtu alijua kipi anacho na kipi bado. Shuleni ilikuwa kinyume. Juu ya mlango wa darasa letu palikuwa na maandishi ya kutukataza Kiswahili. Aliyekamatwa akikizungumza alivishwa kibao shingoni. Mwalimu alipomaliza somo aliuliza kwa Kiingereza kama tumeelewa, na watoto hamsini tukaitikia kwa sauti moja, "Yes, sir!" Kusema hujaelewa kulihitaji Kiingereza, na asiyeelewa ndiye asiyekuwa nacho. Tulinyang'anywa lugha pekee ambayo tungeweza kukiri nayo. Miaka minne ya kuitikia hivyo, mwishowe hata ndani ya kichwa chako mwenyewe hakuna anayesema "sijaelewa."

Hapa lazima niseme kitu ambacho kwa miaka mingi sikukisema kwa mtu.

Mama yangu, ambaye ndiye bibi yake mpwa wangu, haoni kwa jicho la kushoto. Nilikuwa na mwaka wa pili kazini alipoanza kulalamika kwamba taa zina duara za rangi. Tulikwenda kliniki ya macho. Akapimwa, akapewa dawa ya matone na karatasi yenye maelezo kwa Kiingereza. Nyumbani akanipa ile karatasi, akakaa mkekani kunisikiliza. Dada alikuwepo, jirani mmoja alikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa na cheti. Niliisoma kwa sauti, kwa Kiingereza kwanza, ili wasikie. Kisha nikatafsiri: "Wamesema ukijisikia vizuri, uache matone."

Karatasi ile ninayo. Neno la kuacha limo. Matone yamo. Kujisikia vizuri kumo. Niliyaokota yote matatu. Lakini kati yao palikuwa na maneno madogo ambayo kidole changu kiliyaruka, kama kilivyozoea: neno la kukanusha, neno la "hata kama", na "unless". Kwa Kiswahili ninachokiweza leo sentensi ile inasema: asiache matone, hata akijisikia vizuri, isipokuwa aambiwe na kliniki.

Baada ya wiki tatu alijisikia vizuri, akaacha. Zilipita kama miezi minane. Tulimrudisha alipoanza kugonga miimo ya milango upande mmoja. Daktari alieleza, kwa Kiswahili safi kabisa, kwamba presha ya macho hula mshipa wa jicho polepole, mara nyingi bila maumivu, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Aliuliza kwa nini matone yaliachwa. Mama alisema, "Nilijisikia vizuri." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Sikusema kitu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini karatasi ya mama wa Ngamiani iliandikwa kwa Kiingereza, na ni swali la haki. Lakini nimejizuia nisilitumie kujificha. Hata karatasi ikiwa kwa Kiingereza, jicho lile lingepona kwa sentensi moja ya Kiswahili. Ningesema: Mama, hapa sijaelewa. Sikuisema. Na sikuinyamazia kwa aibu, ingawa aibu ningekuwa nayo. Sikuisema kwa sababu sikujua kwamba sijaelewa. Nilikuwa na B.

Baada ya jioni ya machungwa nililala vibaya siku kadhaa. Nilikuwa nikimwona mpwa wangu miaka kumi mbele, muuguzi labda, kama anavyotaka, akishusha kidole kwenye maelezo ya dawa ya mtoto wa mtu. Jumapili moja nikaenda kwa dada. Mama alikuwa uani anachambua mchele kwenye ungo, ameuelekeza upande wa jicho lililobaki. Mpwa wangu alikuwa akimsaidia. Nikamwamkia Mama, nikakaa, nikaeleza yote: mbinu, karatasi, maneno matatu niliyoyaokota. Nilimwelekea mtoto nikizungumza, kwa sababu sikuweza kumwelekea mama yangu.

Mama hakuacha kuchambua. Alipoona nimemaliza alisema, "Nilijua siku ile kwa daktari. Nilikusikia ulivyonyamaza." Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa pembeni. "Mimi sikukutuma usome, mwanangu. Nilikutuma unieleze. Ungesema hujaelewa, tungetoka hapo nje tukamuuliza mtu."

Basi. Hakusema amenisamehe wala hakusema hajanisamehe. Aliniuliza kama nimekula.

Nimesoma kidogo juu ya uongo na ukweli tangu siku ile, na sijapata mahali palipolisema jambo hili vizuri kuliko pale uani. Kosa la kuokota silioni tena kwenye karatasi ya mtihani. Ukimpa msahihishaji sentensi aliyoitaka, umempa alichokitaka. Mimi sitamlaumu mtoto anayevuka geti kwa namna hiyo, na sitaacha kumfundisha. Kosa liko kwenye kitu kidogo ndani ya mtu, kile kinachokuambia "hapa sijaelewa." Ni kama maumivu. Mtu asiyesikia maumivu hujiona mzima, na huendelea kujiona mzima huku kitu kinaliwa ndani. Mbinu yetu huua maumivu hayo, kwa sababu kila unapookota unapewa vyema, na vyema haisemi uliipataje. Asiyejua kitu anaweza kuuliza. Aliyepoteza hisia ya kutojua hawezi, hata awe amezungukwa na watu wanaojua.

Tulirudi mezani na sharti moja jipya. Aokote apendavyo, lakini kila jibu aliwekee herufi kwa penseli pembeni: E kama ameelewa, O kama ameokota. Mimi nasahihisha majibu. Herufi anazisahihisha mwenyewe, kwa kunieleza habari kwa Kiswahili bila kutazama karatasi.

Wiki ya kwanza alijaza O tupu. Alikasirika. "Zamani nilikuwa na raha, Mjomba. Sasa kila kitu sijui." Nikamwambia hajapoteza kitu, ameona tu kilichokuwepo, lakini niliona mwenyewe maneno yangu yalivyokuwa mepesi kwa mtu mwenye mtihani miezi miwili mbele. Alianza kusoma habari tangu mwanzo, akachelewa. Zoezi ambalo zamani lilimchukua dakika kumi likamchukua nusu saa. Kwenye mtihani wa utamilifu alama zake za Kiingereza zilishuka kidogo, kwa kuwa swali la mwisho hakulifikia. Dada aliniuliza kilichotokea. Nilimweleza, akanisikiliza, akasema, "Haya, wewe ndiye msomi," kwa sauti ambayo si ya kunisifu. Usiku ule nilikaribia kumwambia mtoto tuachane na herufi mpaka Novemba ipite. Bado sina uhakika kwamba nisingepaswa kumwambia. Ni rahisi kutetea ukweli ukiwa tayari na kazi na cheti kwenye bahasha.

Lakini O zilianza kupungua. Si kwa kasi. Jambo jipya likaanza badala yake: maswali. "Unless" alikuja nayo mwenyewe jioni moja, akaigonga kwa kidole kwenye karatasi. "Hii ndiyo ya Bibi?" Tuliandika sentensi ishirini za "unless" usiku ule. Mama asitoke isipokuwa mvua ikatike. Usifungue mlango isipokuwa umjue anayebisha. Alizitunga nyingi yeye. Nilitambua kwamba kwa miaka yangu yote ya Kiingereza sijawahi kuuliza mtu neno lile lina maana gani. Nililiruka mpaka likamfikia mama yangu.

Matokeo yaliyotoka Januari sitayaandika hapa. Ni yake. Nitaandika ya jioni ya mwisho kabla ya mtihani. Ilikuwa habari ndefu juu ya kijiji kinachogombania kisima, maswali matano. Alimaliza, akanipa daftari, nikasahihisha. Tano kwa tano. Pembeni, kwa penseli, palikuwa na E tatu na O mbili. Alichukua kifutio kutaka kuzifuta herufi, kama tulivyokubaliana kwamba mtihanini hazitakuwepo, kisha akakirudisha kwenye kikebe.

Dada alikuwa amekuja kumchukua, amesimama mlangoni na karai tupu kiunoni. "Kapata ngapi?" aliniuliza mimi.

Mtoto akajibu mwenyewe. "Tano, mama. Tatu nimeelewa."